Aliyenirekebishia Taa Barabara ya Taif

Usiniambie nilikuwa na usingizi. Hilo nimeshaambiwa na watu wengi, na wote siku hiyo walikuwa majumbani kwao wameshiba. Mimi nilikuwa macho, na nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hasinzii. Ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, sijayaongezea chumvi, na mdogo wangu Rukia alikuwa amekaa kiti cha pembeni. Yuko hai na anaweza kukueleza, ingawa ukimtajia habari hii atakuuliza kama umeshakula, ili tu mazungumzo yahame.

Mimi ni fundi wa mitambo ya hospitali. Kwetu Tanga, lakini huu ni mwaka wa sita niko Riyadh, naishi Murabba. Mashine za kupimia damu, vitanda vya umeme, pampu za dripu, vyote hivyo vikigoma naitwa mimi. Nasema hivi ujue kwamba si mtu wa kutishwa na kitu chenye waya. Mashine ikifa natafuta fyuzi, sitafuti mchawi. Sasa niambie, mtu kama mimi anashindwaje kununua globu ya taa ya gari? Nilishindwa. Nilishindwa wiki nzima, na kushindwa kule ndiko kulikonifikisha pale.

Gari nililinunua kwa Msudani mmoja tuliyekuwa naye kazini, alipokuwa anarudi kwao moja kwa moja. Gari dogo la Kijapani, tulivu, halina maneno. Jumatatu moja natoka kazini nikagundua taa ya mbele ya kushoto imekufa. Si ile kali ya fulu, ni ile ya dimu, ya chini, unayoendea nayo usiku mwenzako asikulaani. Nikasema hii kazi ya dakika kumi.

Tena haikuwa wiki ya kuharibikiwa. Rukia alikuwa Jeddah, mwaka wa pili anafanya kazi za ndani kwa familia moja. Madam wake alikuwa mtu wa kumfungia simu kabatini, akampa Ijumaa baada ya swala kwa dakika chache, naye amesimama palepale anasikiliza lugha asiyoijua. Mkataba ulipokaribia kuisha nikamtafutia pengine. Daktari mmoja wa hospitalini kwetu alitaka mtu wa kukaa na mama yake mzee, akakubali kuwa kafili wake mpya, mwajiri anayemdhamini nchini, karatasi zote akazishughulikia yeye. Sharti lake lilikuwa moja. Yeye na mkewe wanasafiri Jumapili baada ya Alfajiri, na bibi hawezi kuachwa peke yake hata saa moja. Rukia awe ndani ya nyumba kabla hawajatoka. Asipokuwepo, kuna mama mwingine wameshamwona, watamchukua huyo. Na Rukia angerudi kwa madam yuleyule.

Ndege hakuruhusiwa kupanda, kwa sababu alikuwa ametibiwa sikio na daktari amemkataza kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ilikuwa ni gari langu, Ijumaa kwenda, Jumamosi kurudi, karibu kilomita elfu moja kila upande. Na gari lina chongo.

Fundi wa kwanza, kwenye gereji moja ya Shumaisi, hapohapo Riyadh, alifungua boneti, akachomoa globu iliyoungua, akaitazama kwenye jua kama mtu anayetazama yai, akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Nikamuuliza namba yake. Akasema namba ya nini, yeye anaijua. Jina la gari, mwaka wa gari, halas, basi. Akanituma duka la spea lililo mkabala. Mwenye duka akafungua kitabu chake, akanipa globu yenye miguu mitatu. Haikuingia. Nikarudi, akanipa yenye miguu miwili. Haikuingia. Nikarudi tena, akanipa ya tatu, akiapa kwamba hii na ile ya mwanzo ni sem-sem, kitu kimoja. Ya mwanzo ipi, wakati iko kwenye pipa? Tulipokwenda kulipekua, pipa lilikuwa limeshabebwa.

Jumanne nikaenda duka jingine. Kitabu kingine, jibu lilelile. Nikaona bora nichomoe globu ya upande wa kulia nisome namba yake. Kitako chake kilikuwa kimeungua kwa joto la miaka, maandishi yamekuwa rangi ya kahawa, hayasomeki hata kwa kioo cha kukuzia nilichoazima maabara. Nikairudisha mahali pake, nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikajiona mjinga kabisa. Ni globu. Watu wanapasuliwa mioyo hospitali ninayofanyia kazi, wanapona, mimi sipati globu.

Jumatano ndipo muuzaji mmoja karibu na Batha alipofungua mlango wa gari, akainama, akasoma kibandiko kilicho ubavuni, akacheka. Akaniambia gari hili si la soko la Ghuba. Lilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, likatumika huko, likaletwa huku kwa meli. Jina ndilo hilo, sura ndiyo hiyo, lakini taa zake ni nyingine. Vitabu vyote vya Shumaisi vilikuwa vinasema kweli kuhusu gari la mtu mwingine.

Nikamwambia basi nipe hiyo ya Kimarekani. Akasema zipo mbili zinafanana kama pacha, moja ya dimu na moja ya fulu. Namba zake zinatofautiana tarakimu ya mwisho tu, moja inaishia tano, moja inaishia sita. Ipi ya dimu? Akafikiri kidogo akasema tano. Halafu akaongeza, nadhani. Dukani kwake alikuwa na ya tano peke yake, na wewe unajua mwenye duka anavyokumbuka anapokuwa na kitu kimoja rafuni.

Nikairudisha Shumaisi. Ikakataa kwa unywele tu, kitakoni ilikuwa na kijino cha plastiki kilichogota. Yule fundi wa pipa akachukua kisu, akakikata kile kijino, akaisukuma, ikaingia. Plagi nayo akailazimisha. Taa ikawaka, tena kali kuliko mwenzake. Akapangusa mikono, akaniambia yalla, nenda. Na mimi, niamini, mimi ninayewagombeza wenzangu kazini wakilazimisha plagi isiyo yake, nilinyamaza. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka lile jambo liishe.

Ijumaa nilisafiri tangu alfajiri, taa sikuzihitaji. Jua lilipozama nikiwa karibu na Jeddah ndipo nilipoanza kutukanwa. Kila gari linalokuja mbele linanipigia fulu. Nikatazama vizuri. Taa ya kulia inamulika lami kama taa yenye akili. Ya kushoto inamulika vibao, nguzo za umeme, ghorofa za juu, inamulika kila kitu isipokuwa barabara. Ilikuwa globu ya fulu kwenye nyumba ya dimu. Sita ndiyo iliyotakiwa, au siyo? Hata hapo sikuwa na uhakika, maana aliyenipa habari ya tano na sita ndiye aliyenidanganya.

Nililala Sharafiya, hapohapo Jeddah, kwa rafiki yangu. Pale unaweza kununua simu, unaweza kutuma fedha nyumbani, unaweza kula pilau usiku wa manane, lakini uliza globu ya gari uone. Asubuhi nikaelekezwa maduka ya spea mbali kidogo. Namba inayoishia sita? Mafi. Mafi. Hakuna, labda kesho kutwa. Fundi mmoja akazungusha skrubu ya kushusha taa mpaka ikafika mwisho, akasema ndiyo basi. Nikainamia boneti, nikasikia harufu ya plastiki inayoanza kuiva. Nilipomwonyesha akaniambia harufu ya gari ni kawaida.

Madam alikuwa ameniahidi Rukia saa tatu asubuhi. Saa tatu nikaambiwa kuna wageni, vyombo vioshwe kwanza. Baada ya Adhuhuri ufunguo wa kabati lenye simu haukuonekana. Nilikaa ndani ya gari nje ya geti lile, jua linanichoma goti, nikihesabu saa za njiani na kuzitoa kwenye saa zilizobaki. Alasiri ndipo Rukia alipotoka, begi moja, pamba sikioni, analia bila sauti.

“Twende, kaka,” akaniambia. “Twende kabla hajakumbuka kitu kingine.”

Hapo ndipo ningeweza kutumia akili. Ningeweza kulala Taif. Lakini Jumapili Alfajiri ilikuwa inanisubiri Riyadh, kwa hiyo nilipanda mlima, nikaipita Taif wakati wa Magharibi, nikaingia kwenye barabara ya jangwani na ile taa yangu inayotazama mbingu. Malori niliyoyafuata yalikuwa yananiwashia na kuzima kwa hasira, maana nilikuwa nawamulika kwenye vioo vyao. Gari moja likanipita, dereva akashusha kioo akanionyesha kidole kichwani, kwamba je, una akili? Nikamjibu kwa Kiswahili. Rukia akaniambia kaka, usitukane, tuko safarini.

Kama saa moja baada ya Taif, moshi ukaanza kutoka upande wa kushoto wa boneti. Kidogo kwanza, kisha ule mzito wa plastiki. Mbele kulikuwa na njia ya kuchepuka. Nikaiingia. Ilikuwa inakwenda kwenye kituo cha mafuta kilichokufa. Utaviona vingi barabara ile, pampu zimeng'olewa, paa limebaki limesimama, na nyuma yake ukuta mrefu mweupe wa lililokuwa duka. Nikazima kila kitu, nikamwambia Rukia akae ndani, nikafungua boneti kwa mwanga wa simu. Plagi ya taa ya kushoto ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Nikaichomoa kwa kitambaa, pamoja na globu yake. Nilikuwa na hasira, wallahi, nilikuwa na hasira kiasi kwamba machozi yalikuwa karibu. Kulikuwa na baridi, na isha ilikuwa imeshaingia.

“Wamekukatia,” mtu akasema.

Alikuwa amekaa kwenye kile kizingiti cha saruji ambapo pampu husimama, hatua tano kutoka nilipo. Sikumwona wakati naingia, na niliingia na taa. Mtu wa makamo kama mimi, kanzu ya kijivu, kilemba chekundu na cheupe kimezungushiwa kichwa kwa sababu ya baridi, uso unaonekana. Hana gari, hana tochi. Nikadhani ni mlinzi. Unafikiri ungedhani nini wewe? Nikamsalimia. Hakuitika. Alinyoosha mkono nimpe globu niliyoishika.

Akaipima kwa kidole pale kijino kilipokatwa. Akauliza, “Tano?”

Nikamwambia ndiyo, tano, na nikaanza kumweleza yote, Shumaisi, pipa, kitabu, Batha, Jeddah. Sijui kwa nini nilimweleza. Nafikiri ni kwa sababu wiki nzima alikuwa mtu wa kwanza kuuliza swali linalofaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigombeza. Kwa utaratibu, bila kupandisha sauti, kama mwalimu. Kwa nini nilimwacha mtu atupe ile ya zamani kabla sijaisoma? Kwa nini niliruhusu kisu? Kitu kinapokataa kuingia, akasema, kinakuambia jambo, na mimi nimekiziba mdomo. Tano inakula umeme mwingi kuliko sita, ndiyo maana plagi imeiva. Na uzi wake ndani umekaa mahali pengine, ndiyo maana mwanga umekwenda juu. Haya yote nilikuwa nayajua. Mimi ni fundi. Ndiyo sababu yaliniuma.

Akatia mkono mfukoni, akatoa globu nyingine, haina boksi wala karatasi. Aliishika kwa pindo la kilemba chake, hakugusa kioo kwa kidole, na hata hilo akanisomea: mafuta ya ngozi yanaua globu. Akaikwangua ile plagi iliyoyeyuka kwa ncha ya kisu, akaitia globu mahali pake. Ikaingia na kulia tik, sauti ndogo kama ya mlango wa kabati zuri. Wiki nzima sikuwa nimeisikia sauti hiyo.

Nilimwambia Mungu akulipe, nikafunga boneti. Akakataa. Akasema taa haijapangwa. Nikamwambia ndugu yangu, nina safari, nina saa, kuna watu wananingoja Riyadh. Akasema sogeza gari mpaka hatua nane na ule ukuta, washa dimu. Nakuambia kweli nilitaka kumpigia kelele. Mtu amekaa jangwani peke yake na ana muda wote wa dunia, mimi sina. Lakini nilifanya alivyosema. Niliingia ndani, nikalielekeza gari ukutani, nikawasha.

Madoa mawili ya mwanga yakatua kwenye ukuta, la kushoto juu kidogo. Akainua boneti kidogo, akazungusha skrubu, doa likashuka, akaifunga. Kisha akaenda mwenyewe ukutani, akasimama katikati ya mwanga akinipa mgongo, akaanza kuchora mstari kwa kidole kwenye chokaa, kunionyesha mwanga unapotakiwa kuishia. Mstari wa usawa, kutoka doa moja hadi jingine. Nilikuwa namwangalia yeye. Kisha nikaangalia mstari. Kisha nikaangalia ukuta.

Mwanga ulikuwa mzima.

Unanielewa? Mtu amesimama kati ya taa mbili na ukuta, na ukuta wote umeng'aa. Nyuma ya mabega yake, pande zote mbili, kwenye miguu yake, hakuna giza hata la ukubwa wa kiganja. Mwanga ulifika ukutani kama vile hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Nikapepesa macho. Nikasogeza kichwa kushoto na kulia. Mgongo nauona, kilemba nakiona, mikunjo ya kanzu naiona. Kivuli hakuna.

Mkono wangu ulikuwa kwenye gia. Rukia pembeni yangu alikuwa anasoma Ayatul Kursi haraka haraka.

“Iko sawa?” yule mtu akauliza, bado amenipa mgongo.

Nikaangalia tena ukuta nyuma ya miguu yake.

“Nimekuuliza, iko sawa?”

Nikasema iko sawa. Akageuka, akaja upande wa dirisha langu, na akatembea katikati ya mwanga ule bila kuukata. Kioo kilikuwa wazi kidogo. Nikajilazimisha kumuuliza nimpe nini kwa kazi yake, kwa sababu nililelewa hivyo, na kwa sababu niliogopa kuondoka na deni mahali pale. Akasema hataki kitu, ila nimwachie ile waliyoikata. Ilikuwa kwenye kishikio cha kikombe kando ya kiti, sikumbuki nimeirudisha mimi ndani au vipi. Nikaipitisha kwenye uwazi wa kioo. Vidole vyake havikunigusa. Akaitia mfukoni, na mfuko ukalia. Vioo kwa vioo. Vilikuwa vingi.

Akaniambia nisikimbie kuliko taa yangu inavyofika. Akarudi akaketi pale kwenye saruji, nami nikarudisha gari nyuma na kuondoka. Sikutazama kwenye kioo.

Sasa sikiliza. Tulikuwa tumekwenda robo saa, mwendo wa wastani, kwa sababu sikutaka kuupita mwanga wa taa yangu. Taa ya kushoto ilikuwa inamulika lami, safi, mpaka kwenye ukingo. Na kwenye ukingo wa mwanga huo nikaona kitu cheusi kimelala barabarani. Ngamia. Wakati wa baridi hupenda kulalia lami kwa sababu inabakiza joto la mchana. Alikuwa mweusi, ameinamisha shingo, na wengine watatu wamesimama pembeni yake. Nilisimama karibu sana, nikaona pumzi yake kwenye taa. Hesabu mwenyewe. Na ile taa iliyokuwa inamulika vibao, ningemwona?

Tulisimama kwenye kituo chenye watu, baada ya mji wa Muwayh. Tulinunua chai, akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa. Nikamwambia, Rukia, wewe ulimwona yule mtu hana kivuli?

“Mtu gani, kaka?” akasema.

Nikamweleza mtu gani. Akatikisa kichwa. Alivyoniona yeye, nilishuka, nikafungua boneti, nikaanza kuongea peke yangu, tena kwa Kiarabu cha haraka, Kiarabu kama cha mtu aliyezaliwa nacho. Mimi Kiarabu changu ni cha kazini, mafi na halas na majina ya vipuri. Halafu nikarudi ndani nikawasha taa ukutani.

“Mtu sikumwona,” akasema. “Niliona kivuli. Kimoja, ukutani, kimenyoosha kidole. Nikamtafuta mwenye kivuli yuko wapi, sikumpata.”

Tulifika Riyadh kabla ya adhana. Daktari alikuwa ameshapakia mabegi kwenye gari, akatazama saa yake, akamfungulia Rukia mlango. Yuko pale mpaka leo, yeye na yule bibi wanapendana kama mama na mwana, simu yake anakaa nayo mwenyewe. Hilo lilikwenda vizuri, alhamdulillah, na sitaki kumkufuru Mungu kwa kulalamika. Lakini nitalalamika kidogo, kwa sababu mimi ndiye ninayeishi na lile gari.

Miezi kadhaa baadaye nilipita barabara ile mchana, nimepewa lifti na mwenzangu wa kazini. Nikamwomba achepuke. Kituo kipo, paa lipo, ukuta upo. Nikaukaribia. Mstari wangu ulikuwepo kwenye chokaa, usawa wa taa za gari dogo. Juu yake kulikuwa na mwingine, usawa wa pikapu. Juu zaidi, mwingine, wa lori. Na chini, na pembeni, mstari juu ya mstari, ukuta mzima, mingine imekaribia kufutika. Mwenzangu alisema ni watoto wa wafugaji wanachezea ukuta. Nilimwacha aseme.

Globu ile haina namba. Niliichomoa nikaitazama kwa kioo cha kukuzia, kitako cheusi kitupu. Nimeipeleka kwenye maduka kutafuta pacha wake wa upande wa kulia, na kila duka linaniambia halijapata kuiona. Kwa hiyo kulia natumia zile za kawaida, zinazoishia sita, na zimeshaungua tatu. Ya kushoto haiungui. Kuiondoa nimejaribu. Nilinunua mpya, boksi lake, namba yake sahihi, kijino chake kizima, na ikakataa kuingia. Unaona jinsi mambo haya yanavyochosha? Globu sahihi, gari sahihi, haiingii. Na kisu sitashika tena.

Lakini si hilo linaloninyima raha. Ni hili. Gari lina taa mbili mbele. Ukisimama kati yake na ukuta, unapata vivuli viwili, kila taa na chake. Nimemsimamisha Rukia, ana viwili. Nimemsimamisha jirani yangu wa Murabba bila kumwambia sababu, ana viwili. Mimi nina kimoja. Cha taa ya kulia. Nikiizima ya kulia, nikasimama mbele ya ile ya kushoto peke yake, mwanga unafika ukutani mzima kama sipo. Nimejaribu mara nyingi, kwenye kuta nyingi. Sijui nilimpa nini pale dirishani mbali na ile globu. Nimewauliza mashehe wawili. Mmoja ameniambia nizidishe dua, mwingine ameniambia niuze gari. Nitamuuziaje Mwislamu mwenzangu?

Basi nawe uliye na gari, fanya hivi. Globu ikiungua, ishike mwenyewe, isome namba kwenye kitako, iandike, na fundi asiitupe mpaka umepata mwenzake. Usiamini jina la gari, usiamini mwaka wake. Ikikataa kuingia, irudishe dukani, hata kama umechoka, hata kama una safari. Mtu akitoa kisu, ondoka na gari lako. Na ukikwama mahali pasipo watu, akatokea mtu anayejua kila kitu kuhusu taa yako, mshukuru kwa mbali, na usimpe chochote dirishani.

Leo jioni, kabla hujala, lielekeze gari ukutani, washa dimu, usimame mbele yake. Hesabu. Vivuli vikiwa viwili, zima taa uingie ndani.